Mama, Usiitikie Hodi

Ijumaa, 7 Juni

Chupa mbili tena. Nimezitoa kwenye friji ya damu hapa zahanati, nikaandika "zimepita muda", nikazificha kwenye kapu chini ya mchicha. Sikugeuka hata kuangalia nyuma. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimempelekea Msafi ghalani kwake, nyuma ya magunia ya mahindi. Mji mzima unamwita Msafi kwa mashati yake meupe. Hakuna anayejiuliza mbona hali chakula. Amezinywa mbele yangu kama mtu anayekunywa togwa. Mumiani. Basi, nimeshaliandika.

Jumapili, 9 Juni

Kosa lilianzia kwetu, Kasense. Mwezi uliopita alipiga hodi, mama akaitikia "karibu" kutoka jikoni bila hata kuchungulia. Ndivyo tulivyolelewa. Akaingia, akampa mama shikamoo, wakati yeye huenda kamzidi umri bibi yake mama. Akakataa ugali. Mama alinuna wiki nzima kwa ajili ya ugali!

Mimi aliniambia taratibu: "Dada wa maabara, chupa mbili kila Ijumaa. Usipoleta, nakunywa hapahapa." Anamtazama mama shingoni.

Jumanne, 11 Juni

Wameokota maiti nyingine, barabara ya Muze. Kavu, haina hata tone la damu. Polisi wanasema pombe. Pombe gani hiyo?

Mchana kaletwa mjamzito anavuja damu. Friji haina kundi lake. Lilikuwepo, nililitoa mimi. Shemeji yake kajitolea damu, mgonjwa kapona. Mimi ni mwizi na muuaji mtarajiwa.

Alhamisi, 13 Juni

Jioni nimemwona Msafi kwa jirani. Mlango wazi, ndani hakuna mtu. Kapiga hodi tatu, kageuka. Mguu haukuvuka kizingiti. Na nyumba hiyo ameshaingia mara ngapi! Kumbe kila safari lazima akaribishwe upya.

Nikamwambia mama asiitikie hodi ya mtu yeyote. Hata sauti ikiwa yangu, mimi nina ufunguo. Kanijia juu: "Mfipa gani anamnyamazia mtu mlangoni? Watu watasema nini?"

Nimepiga magoti, nikamweleza yote, mpaka wizi. Kalia. Kisha kakubali.

Ijumaa, 14 Juni

Sikupeleka.

Jumatatu, 17 Juni

Naandikia ghalani, juu ya magunia.

Jumamosi Msafi alikwenda kwetu, akakuta kimya. Akanisubiri mimi nyuma ya zahanati, mchana kweupe, watu wanapita na baiskeli zao. "Umemfundisha mama utovu wa adabu," akasema. Meno yake ya baridi. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Leo nimeamka. Nimejaribu chai, imerudi yote. Msafi anacheka: "Mama yako atakufungulia wewe. Tutaingia wawili."

Jumanne, 18 Juni

Nimemtoroka asubuhi alipokuwa anapakia lori. Nyumbani ufunguo umefungua. Mguu umekataa. Nimeuvuta kwa mikono miwili, umekataa.

Nikapiga hodi. Mimi, kwetu!

Kimya. Nikamsikia mama anasali chini chini. Nikausikia na moyo wake unavyodunda, toka nje, kupita vyumba viwili. Nikautaka. Nimtaje Mungu mara ngapi, nikautaka. Nimefurahi hakuitikia. Imeniuma kuliko meno ya Msafi.

Nimekaa barazani nikilia kwa sauti kama mtoto. Hapo ndipo mama alipokuja mpaka mlangoni. "Liwalo na liwe," akasema. "Karibu ndani, mwanangu. Baridi hii itakuua."

Mguu ukawa mwepesi palepale.

Nikageuka, nikakimbia. Sijui nilitoa wapi nguvu. Njiani nikampigia mjomba: amchukue mama sasa hivi, amfiche mbali, asimwambie mtu ni wapi. Hata mimi asiniambie.

Alhamisi, 20 Juni

Kasanga. Mjomba ametuma ujumbe: "Tumefika salama." Hakutaja wapi. Nimemshukuru, kisha nimeitupa laini ya simu ziwani.

Nasubiri boti ya mizigo, yoyote. Ng'ambo simjui mtu, na ndivyo ninavyotaka. Nina njaa.

Mama lishe wa hapa bandarini ana mtoto mgongoni. Tangu asubuhi ananiita kwenye kibanda chake. Karibu dada, karibu ndani, usikae juani. Namwambia asante, hapa panatosha. Amenifuata na kigoda.