Reli Ndefu Inataka Watu Wawili

Mume wangu, baba Neema,

Karakana yetu hapa Kiomboi bado inanuka plastiki ya moto. Asubuhi nafungua mlango, nawasha oveni, halafu nakaa kwenye stuli yangu nikitazama ya kwako. Tangu tukuzike, binti yetu ananipigia kila jioni kutoka Dodoma: "Mama, funga hiyo kazi, njoo tukae wote." Nimekuwa nikimkatalia. Nilijua nikifunga, nitakuwa nimekufungia wewe nje.

Unakumbuka ulipouleta ule unga wa vinili, plastiki iliyosagwa, kwa basi la Singida? Nilidhani umeuziwa chokaa. "Subiri, mama Neema, utaona," ukasema. Ukapiga msasa kichanja cha vyombo, ukakipaka praima ili plastiki ishike chuma, ukakitia kwenye oveni. Kilipopata moto ukakizamisha kwenye pipa, ambamo upepo wa kompresa ulikuwa unaurusha unga mpaka ukatokota kama uji. Kikatoka kimevaa ngozi nene, laini. Ukakipiga nyundo kwa majivuno, ngozi haikubanduka.

Mimi nami, kwa furaha, jioni ile nikatua juu yake sufuria ya ugali iliyotoka motoni. Plastiki ikayeyuka, sufuria ikaganda. "Inastahimili mvua, chumvi na nyundo," ulisema huku ukifuta machozi ya kicheko, "ila haimstahimili mke wangu!" Nilinuna mpaka kesho yake. Siku hizi hakuna wa kunitania, na ninaumia.

Tulivika ngozi hiyo matundu ya kuku, nyavu za uzio, hata vitanda vya zahanati. Wewe ncha hii, mimi ncha ile, maana chuma kirefu lazima kizame kabla hakijapoa. Peke yangu naweza vitu vidogo tu, ndoano na vishikio vya koleo.

Juzi alikuja mzee mmoja ambaye miguu yake haina nguvu tena. Alitaka reli ya kujishikia barazani. "Chuma kitupu asubuhi kinaniumiza viganja, mama. Baridi ya huku unaijua." Nikashindwa kumkatalia.

Reli ilipopata moto niliishika kwa koleo upande wangu, nikasema kwa mazoea, "Shika, baba Neema." Nikasimama nikisubiri uitikie. Nilipozinduka, chuma kilikuwa kinapoa. Nikakizamisha hivyo hivyo. Nusu ikashika vizuri, nusu nyingine ikatoka na mabaka, unga ukipukutika chini.

Ningeweza kuirudisha kwenye oveni na kumwita jirani anisaidie. Sikutaka, baba Neema. Sikutaka mkono wa mtu mwingine kwenye ncha yako.

Mzee alipokuja kuichukua, akaipapasa yote, kisha akanitazama usoni. "Inatosha, mama. Nitashikia hapa palipo laini." Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Wewe hukuwahi kumpa mtu kazi nusu. Nilifunga mlango nikalia kwa sauti.

Jioni Neema alipopiga, sikungoja aniombe. Nilimwambia aje anichukue. Anakuja Jumamosi na gari. Oveni na pipa ataangalia nani anavihitaji, mimi sitaki kuwepo vikichukuliwa.

Kila Jumapili nimezoea kuja kukufagilia kaburi, nikae hapo nikupe habari za wiki nzima. Jumapili hii usinisubiri.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema