Maua ya Mama Yenu, Mbuzi Zisiikule

Béthanie na Lucien,

Jana, siku ya ine, njo walituulia maua ya mama yenu. Mufunge mbuzi, ile majani sasa iko na sumu.

Bantu ya shefu wa kartiye, mutaa yetu, walipuliza dawa ya kuua majani barabara yote na maua ya kando, sababu mukubwa moja atapita. Lucien, weye njo uliwapatia mai ya kuchanganya! Aksanti sana, mutoto wangu.

Asubui hii nilienda kwa shefu. Anacheka: «Papa Mulongo, maua tu? Nunua ya plastiki, haiombake mai.» Plastiki, ku kaburi ya mama yenu, siku ya Mungu tukitosha kilio, tukimaliza matanga yake! Ye mwenye alikuwa anatia mavi ya mbuzi na majivu tu, nyuki zinajaa ku lupango, kiwanja yote.

Béthanie, ~~enda ku soko ununue ya~~ hapana, usinunue kitu. Rozi mbili za nyuma ya jiko zingali nzima. Uzinyweshe mai yenye tulisukulia, tulioshea muchele, ya sabuni hapana. Lucien atachota mavi ya mbuzi, na mikono yake.

Miye ninarudi kwa shefu. Nitaikala ku mulango yake mpaka ajibu: kama dawa ni ya kuua majani mubaya, nani alimuambia maua ya mama yenu iko mubaya?

Papa yenu