Joto Ndani ya Ukuta wa Nadira

Thika, 9 Agosti 1997

Kwa Boaz,

Hapa hatujambo. Mvua imekataa, na mke wangu anasumbuliwa na goti.

Juzi nilienda Kimbo kuutazama ule ukuta wa ploti yetu unaonuka kuungua. Wewe ulisema mpangaji wetu Nadira huacha pasi ikiwaka, ukampa notisi ahame na watoto wake. Nilikwenda na mhandisi wa kiwandani mwenye kamera ya joto. Nikueleze: kamera hiyo haijali rangi, penye joto huonyesha weupe, penye baridi weusi. Pasi ilikuwa nyeusi. Lakini ukutani, juu ya kitanda cha watoto, mstari mweupe ulienda moja kwa moja hadi kwenye bucha yako ya upande wa pili. Friji yako inakula stima ya Nadira kupitia waya mwembamba, na waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huchemka.

Nadira alinitazama. "Mwalimu, sasa nani ahame?"

Hahami. Waya tumeukata, na nyama yako imeanza kunuka. Wateja wakiuliza kulikoni, Nadira yuko mlangoni anawaeleza.

Kaka yako mkubwa,
Eliakimu