Jogoo Aliyechorwa Vizuri Mno

Jumatatu, 3 Machi
Kidoti amerudi na picha nyingine kutoka chekechea. Jogoo! Mkia umepinda vizuri, rangi haikuvuka mstari hata kidogo. Baba ameibandika juu ya cherehani, anamwonyesha kila mteja. "Na mimi nilidhani kule wanacheza tu!" anawaambia. Mama alicheka. Mimi sikucheka. Mdogo wangu ana miaka minne. Hata kijiko anakishika kama nyundo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza kama jogoo ni wake. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Mwalimu kachora, akasema. Yeye alikuwa na kazi — anajenga hospitali ya mende. Ina lifti!
Kwa hiyo mwalimu anatudanganya. Kwa nini?

Ijumaa, 7 Machi
Nilienda kumchukua Kidoti. Kwanza nikachungulia dirishani, kama mpelelezi. Maboksi, vizibo, vitambaa, watoto sakafuni. Mwalimu amekaa pembeni, hasemi kitu. Uvivu mtupu, nikawaza. Mara lifti — kopo na uzi — ikakatika. Kidoti hakulia! Alibishana na mwenzake, wakasokota nyuzi mbili, wakajaribu tena. Mgonjwa akapanda. Nyumbani kifungo tu kikimshinda ni kilio.
Nikajikaza, nikamuuliza mwalimu kuhusu jogoo. Akainamisha macho. "Mdogo wangu, baba yako angeibandika hospitali ya mende?" Wazazi wengine wameshahamisha watoto, akasema, wanataka kitu cha kuonyesha wageni. Basi watoto wanacheza, yeye anachora. Akaniomba ninyamaze.
Ni mwema au ni mjanja? Simwamini bado.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mdogo amekuja, akamwona jogoo. "Kaka, mtoto huyu? Acha utani!" Baba akapandwa na hasira. Amempa Kidoti penseli: chora mwingine, baba yako mdogo aone. Akishindwa, Jumatatu anahamia ile shule ya sare na kazi za nyumbani. Kisha akanigeukia. "Wewe msomi, mbona umeinamisha kichwa? Unajua nini?"
Nimesema naumwa tumbo. Naandika chumbani, mlango wazi.
Kidoti ameweka penseli chini. Anakusanya viatu vyote, anavipanga katikati ya sebule, vingine juu ya vingine, kama ghorofa. Sasa anamwamuru baba avue vyake. Baba anamkazia macho. Macho hayo nayajua — hutangulia kufoka.
Amevua kimoja. Anakigeuzageuza.
"Hiki kinakaa wapi?"