Mkono Haujatulia

4 Februari

Binti yangu wa kazini,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa kusukumwa: kifua kinakoroma, miguu imegoma, akili bado inaripoti kazini. Natumai wewe na watoto hamjambo.

Barua yako imefika. Kurasa mbili za kuniulizia hali, baada ya kimya cha miaka kumi na moja tangu uhamie tawi jingine. Nimeisoma mara tatu nikitafuta ndoana. Nasikia umerudi kuwa mkuu wa ofisi ya ramani, kwenye kiti alichokalia mkuu wetu tuliyempachika jina Miwani. Hongera. Basi unachotaka nadhani nakijua: sanduku langu la kadi. Kila niliyewahi kufanya naye kazi ana kadi mle: jina la mwenzi wake, mtoto anayesoma, maradhi ya mama yake, siku niliyomwandikia mara ya mwisho. Wapima ardhi walikuwa wakiniletea vipimo mimi kwanza kwa sababu nilikumbuka kuwauliza habari za meno yao. Mkuu mpya atalihitaji. Sema tu, usizunguke.

Baba yako wa kazini

19 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na kifua. Huku hatujambo, mdogo tu ana mafua.

Sanduku silitaki. Nina watu wangu, na namna ya kuwatunza nilijifunza kwa kukutazama wewe. Nina swali moja. Nikipanga mafaili, nimekuta daftari la barua za siri la mwaka ule nilioomba nafasi ya masomo. Uliniambia Miwani ndiye aliyeninyima. Daftari linasema barua ya kunipinga ilitoka kwa mchoraji mkuu. Mchoraji mkuu ulikuwa wewe.

Sikumsalimia Miwani mpaka nikahama. Alipokufa sikwenda kumzika. Nieleze, Baba.

Binti yako

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi ni vile vile, sasa wameniongezea dawa ya tatu.

Daftari lile aliliandika karani aliyesinzia kila akishiba. Usiliamini. Nani amekutuma kuchimba? Ni yule naibu wako? Kadi yake ninayo: hucheka kabla mzaha haujaisha. Mtu wa namna hiyo mchunge. Na muuguzi wangu naye nadhani anafungua barua. Gundi ya bahasha yako ilikuwa bado mbichi.

Baba yako

28 Mei

Binti yangu,

Wiki kumi na mbili hukunijibu, nami sina nyingine kumi na mbili. Daktari hakunificha. Muuguzi niliyemshuku bure ndiye anayenishikia karatasi isiteleze.

Barua ilikuwa yangu. Niliandika: “Mkono wake haujatulia. Asubiri.” Ulikuwa uongo. Ramani zilizonipa sifa ulizichora wewe, mimi nikazipitishia wino wa mwisho. Ungeondoka, ningebaki na nini? Nikakupa Miwani umchukie, kwa kuwa mkubwa wa kazi huchukiwa bila ushahidi.

Siku moja alinifuata mezani. “Yule binti ananikwepa,” alisema. “Umemwambia nini?” Nikamjibu kwamba ni haya tu za vijana. Alinitazama juu ya miwani yake, akaenda zake. Unaujua utaratibu wetu: kazi yako hukaguliwa na mwenzako, anatia penseli nyekundu penye kosa, unarekebisha, ndipo anaweka herufi za jina lake kwenye kona ya chini. Tangu siku ile kila ramani yangu aliikagua yeye mwenyewe, hata ikiwa si zamu yake. Hakuniumbua. Alinikagua tu, mpaka anastaafu.

Nami nilimtumia salamu kila mwaka mpya, na alipofariki nikamwandikia mjane wake barua nzuri sana. Sandukuni kuna watu mia tatu. Hakuna ninayeweza kumwandikia haya ila wewe.

Naambatisha kadi yako.

Baba yako

14 Juni

Baba,

Leo sikuamkii. Nitakuamkia nikifika.

Kadi nimeisoma. “Mkono bora ofisini. Asijue.” Nililia jikoni, watoto wakadhani ni vitunguu.

Kama nimekusamehe sijui. Hata ungamo lako nimelishuku: huenda unanitunza tu, kama ulivyotutunza wote. Kwa hiyo tufuate utaratibu. Mjane wa Miwani yu hai. Mwandikie ukweli wote. Nitakuja Ijumaa ijayo asubuhi kuikagua barua hiyo. Ikiwa na kosa, utarekebisha. Ikiwa sawa, nitaweka herufi zangu kwenye kona, kisha nimpelekee kwa mkono wangu na kumpa pole niliyoichelewesha.

Binti yako

20 Juni, Alhamisi

Binti yangu,

Karatasi hii nampa muuguzi akukabidhi mlangoni, endapo utanikuta siwezi kuzungumza. Leo usiniulizie hali, utaiona.

Barua ya mjane iko juu ya sanduku. Hiyo ni ya tatu. Mbili za kwanza nilijitetea, nikazichana. Ikague kama Miwani alivyokuwa akinikagua mimi, usinionee huruma.

Utaona mistari imepinda. Safari hii ni kweli, mkono haujatulia. Hilo tu usilitie nyekundu.

Baba yako, ukikubali