Karatasi Nilizozikausha

Mpendwa mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta una nguvu za kuisoma hadi mwisho. Mimi sijambo, ila goti bado linanisumbua nikipanda ngazi. Nasikia mwanenu angali wodini na hewa ya mtungi puani. Wifi yangu ameshaacha kulia? Maana yule akianza, mtaa mzima unajua.

Umeniuliza kama ukungu wa huko bondeni unaweza kumbana mtoto kifua. Ukungu wenyewe ni maji, hauna ubaya. Lakini mvuke hauwi matone mpaka upate kitu cha kushika, na hapo kwenu unashika masizi ya tanuri la matofali. Masizi yakizidi, ukungu unakuwa mzito na unachelewa kuondoka. Nao ukikaa, jua halifiki chini na moshi unakosa pa kupandia. Vinalishana hivyo, na mwanenu anavuta vyote viwili.

Unajua kazi yangu ni kupima hewa. Mashine yetu iliyo karibu na nyumba yenu husoma juu mno siku za ukungu, kwa kuwa chembe za masizi zikilowa zinavimba. Mkuu wetu alituagiza tukate namba za siku hizo kwa kalamu nyekundu, tuandike pembeni: unyevu. Nimezikata miaka miwili.

Sasa kaa chini. Kabla hamjahamia huko, nilichukua karatasi za kuchujia hewa za mashine ile, nikazikausha kwenye oveni ya maabara, nikazipima upya. Maji yalikwisha, weusi ukabaki. Uzito wake ulikuwa mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Kesho yake ukaja kuniuliza kama nyumba ile inamfaa mtoto, nikakwambia ule ni unyevu tu, hamieni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoshwa na kelele zenu katika nyumba ya mama: mtoto analia, mkeo anaimba jikoni, wewe unacheka hovyo. Nilitaka kimya, nikakipata. Nilijua atakohoa. Sikudhani atafikia kulazwa, lakini hata ningedhani, sijui kama ningesema.

Daktari akimruhusu, usimrudishe bondeni, hatamaliza msimu. Na huku kwa mama usimlete. Ukuta wa chumba chenu nimeshauvunja, sebule imekuwa pana.

Msalimie sana wifi. Mtoto mbusu kwa niaba ya shangazi yake.

Ni mimi dada yako,
wa tumbo moja.