Dawa Aliyokunywa Kaka Vasyl

S.L.P. 14,
Dubrova,
Saskatchewan.
23 Novemba 1958

Mpendwa binamu Yevka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje? Watoto wameshaizoea Toronto? Sisi tu wazima, ila Mama anakohoa kidogo.

Umeniuliza habari za kaka Vasyl. Tangu arudi kutoka vitani Italia amekuwa mtu wa chupa. Wewe mwenyewe ulimwona harusini kwangu. Mwezi uliopita alilazwa katika hospitali ninayofanyia uuguzi. Daktari wetu anachunguza dawa mpya, matone machache tu kwenye glasi ya maji, na mtu huona mambo wasiyoyaona wengine. Anataka kujua kama inaweza kumwachisha mlevi pombe. Yeye mwenyewe ameshainywa, ajue anawapa watu kitu gani.

Vasyl alimcheka. "Kwa hiyo, daktari, unanitibu kinywaji kwa kinywaji?"

"Ndiyo, ila hiki hutaniomba cha pili."

Niliomba nikae naye mimi. Alikunywa saa tatu asubuhi. Kwanza aliangua kicheko, eti pazia linapumua. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Hanya, Tymko yuko hapa."

Tymko ni yule rafiki yake aliyeuawa ubavuni pake huko vitani. Tumefundishwa tusibishane na mgonjwa, basi nikamuuliza, "Anasemaje?"

"Hasemi. Ananitazama tu. Hana hasira nami! Miaka kumi na minne nilidhani ana hasira."

Akalia mpaka shati langu likalowa.

Leo ni wiki ya tano hajaonja pombe. Wiki iliyopita alikwenda kwa mama yake Tymko, ambaye zamani Vasyl akimwona njiani alikuwa akivuka ng'ambo ya barabara kumkwepa. Mama yule alimlisha supu ya bitiruti na kumzuia siku tatu.

Je, itadumu? Wengine wamerudia ulevi. Nilimuuliza daktari dawa inafanyaje kazi kichwani. Akasema, "Sijui, sista. Ningejua, nisingekuwa nachunguza." Jibu hilo limeninyima raha. Ni nini alichokiona Vasyl ndani ya chumba ambamo mimi niliona kitanda na kiti tu?

Wanatafuta wauguzi wa kuinywa dawa hiyo kwa majaribio. Nimejiandikisha, zamu yangu ni Jumanne. Ukimwandikia Mama, usimtajie.

Nisalimie shemeji Orest na shangazi Paraska. Mungu awalinde na baridi na upweke.

Ni mimi binamu yako akupendaye,
Hanya